Mwanga Huingia, Sauti Hutoka: Historia ya Kuona Ndani ya Mwili Bila Kisu

  Leo hatutazungumza juu ya ugonjwa mmoja. Tutasimulia historia. Ni historia ya jinsi binadamu alivyotafuta njia ya kuona ndani ya mwili bila kuupasua, na ya njia moja mpya inayotumia mwanga na sauti kwa pamoja. Wataalamu huiita picha ya fotoakustiki. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe si gumu. Kabla hatujamaliza utaweza kumweleza jirani yako.

Kwa nini historia hii imhusu mama? Kwa sababu mara nyingi anayengoja jibu ni mama. Mama anaoga, anahisi kinundu kwenye titi. Mama ana mimba, na mtoto hachezi kama jana. Mama ana mvulana anayeanguka kila mara akikimbia na wenzake. Swali ni moja tu: kuna nini ndani? Na kila siku ya kungoja jibu ina gharama yake.

Mabati, tochi na ukungu

Tuanzie nyumbani. Paa la mabati likipigwa na jua la asubuhi hulia, ta! ta! Hakuna aliyepanda juu. Jua limepasha bati moto, bati limepanuka, na katika kupanuka limetoa mlio. Mwanga umegeuka joto, joto limegeuka sauti. Kumbuka mlio huo, kwa maana ndio msingi wa mazungumzo yetu yote.

Jambo la pili. Watoto hupenda kuweka tochi nyuma ya kiganja gizani. Vidole huwaka vyekundu. Hiyo ina maana kwamba mwanga hupenya nyama. Lakini mifupa huioni wala mishipa huitambui vizuri, kwa sababu mwanga ukiingia mwilini hutawanyika huku na huku. Ni kama taa za matatu kwenye ukungu wa Limuru: unaona mng'ao, lakini gari lenyewe hulioni. Dereva akipiga honi, hata hivyo, unasikia vizuri na unajua yuko upande gani. Sauti hupita pale ambapo mwanga umetawanyika.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Ingiza mwanga mwilini, kisha sikiliza sauti inayotoka. Hiyo ndiyo fotoakustiki.

Mwalimu wa viziwi na kisahani kilichoimba

Aliyegundua jambo hili anajulikana kwa jambo lingine. Ni Alexander Graham Bell, aliyepewa hati ya uvumbuzi wa simu mwaka 1876. Bell alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake mzazi hakusikia vizuri, na mke wake Mabel alikuwa kiziwi. Sauti ilikuwa jambo la nyumbani kwake.

Mwaka 1880, Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walikuwa Marekani wakijaribu kupitisha mazungumzo kwa kutumia mwanga wa jua badala ya waya. Katika majaribio hayo walikata mwanga kwa kisahani chenye matundu kilichozungushwa kwa kasi, ukawa mwanga wa kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Mwanga huo ulipoangukia kipande chembamba cha kitu kigumu, kitu hicho kilitoa sauti! Wakaendelea kujaribu vitu vya kila aina, na wakaona kwamba vitu vyeusi, kama masizi, vililia kwa nguvu zaidi. Kitu cheusi hunywa mwanga mwingi, hivyo hupata joto zaidi.

Bell hakuyapeleka hayo kwa wagonjwa. Vyombo vya kusikiliza sauti ndogo kama hiyo ndani ya mwili havikuwapo. Lakini mwaka uliofuata, 1881, alikutana uso kwa uso na haja ya kuona ndani. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mwezi wa Julai. Risasi ilikwama mwilini, na madaktari hawakujua iko wapi. Bell alileta chombo chake cha kutafuta chuma kwa umeme. Hakikufaulu. Kitanda kilikuwa na springi za chuma zilizokivuruga, na daktari mkuu aliruhusu upande mmoja tu wa mwili upimwe, upande ambao risasi haikuwapo. Wakati huo huo madaktari walikuwa wakiingiza vidole visivyooshwa ndani ya kidonda kuitafuta risasi. Kidonda kikaoza, na rais akafariki mwezi wa Septemba. Wanahistoria wengi huamini kwamba uambukizo ndio uliomwua kuliko risasi. Tazameni basi: asiyeona hupapasa, na kupapasa kuna hatari yake.

Picha ya mkono, na majibu ya kina mama

Miaka 14 baadaye, mwezi wa Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Dunia ilishangaa. Ndani ya miaka michache hospitali nyingi zilikuwa na mashine hiyo, na mwaka 1901 Röntgen akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyotolewa kwa mara ya kwanza.

Eksirei imeokoa watu wengi na inaendelea kuwaokoa. Lakini kwa miaka mingi ilitumiwa pia kupiga picha za tumbo la mama mjamzito, bila mtu kuuliza inamfanyia nini mtoto. Aliyeuliza alikuwa daktari mwanamke, Alice Stewart, wa Oxford, Uingereza. Alitaka kujua kwa nini watoto wadogo walikuwa wakipata saratani ya damu. Akaamua kuwauliza mama zao, akiamini kwamba mama hukumbuka mambo ambayo faili za daktari zimesahau. Akapeleka maswali kwa mama waliofiwa na watoto, na kwa mama ambao watoto wao walikuwa wazima. Majibu yalionyesha kwamba waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei wakati wa ujauzito karibu mara mbili zaidi ya wenzao. Alichapisha matokeo mwaka 1956 na 1958. Wakubwa wengi hawakutaka kumsikia, na ikachukua miaka kabla desturi ile kuachwa. Ndiyo sababu leo, kabla ya eksirei, huulizwa: mama, una mimba? Swali hilo lilipatikana kwa majibu ya kina mama.

Sauti yaingia kliniki

Njia salama zaidi kwa mjamzito ilitoka baharini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Paul Langevin alitengeneza chombo cha kutuma sauti majini ili mwangwi wake uonyeshe nyambizi zilipo. Sauti hiyo ni ya juu mno, sikio la mtu haliisikii. Baadaye viwanda vikatumia sauti ya namna hiyo kutafuta nyufa ndani ya vyuma.

Mwaka 1955, daktari wa kina mama aitwaye Ian Donald, wa Glasgow, Uskoti, alichukua vivimbe vilivyotolewa kwa upasuaji akavipeleka kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke, avipime kwa mashine ya kupimia vyuma. Aliona kwamba uvimbe wa majimaji na uvimbe wa nyama hutoa miangwi tofauti. Akishirikiana na fundi Tom Brown na daktari John MacVicar, alichapisha matokeo mwaka 1958. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwapo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ilionyesha kwamba ni uvimbe wa majimaji kwenye kifuko cha mayai. Ulitolewa, naye akapona. Fikiria mwanamke huyo, aliyekuwa amekwisha kuagwa, akirudi nyumbani kwa miguu yake.

Hiyo ndiyo ultrasaundi, ambayo wengi wetu huiita skani. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya juma la 24, ili umri wa mimba ujulikane vizuri na matatizo yaonekane mapema.

Lakini ultrasaundi ina mpaka wake. Huonyesha umbo la kitu. Haielezi vizuri kama damu iliyomo ina oksijeni nyingi au kidogo. Na mara nyingi, katika saratani, habari iko ndani ya damu.

Mwanga na sauti vyakutana

Ugunduzi wa Bell ulikaa muda mrefu bila kuwafikia wagonjwa. Kulihitajika mambo matatu: mwanga wenye nguvu unaoweza kuwaka kwa muda mfupi sana, masikio makali ya ultrasaundi, na kompyuta ya kugeuza sauti kuwa picha. Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Marekani, miongoni mwao Robert Kruger na Alexander Oraevsky, walianza kuyaunganisha yote matatu kwa ajili ya kuchunguza mwili.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Leza hupeleka mwanga mwilini kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Damu hunywa mwanga huo kuliko nyama iliyo karibu nayo. Joto lake hupanda kidogo mno, chini ya nyuzi moja, hata mgonjwa hasikii kitu. Damu hupanuka kama bati letu, na hutoa mlio wa ultrasaundi. Vipokezi juu ya ngozi husikiliza mlio huo, na kompyuta huchora mahali ulikotoka.

Kuna faida nyingine. Damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni kidogo hazinywi rangi za mwanga kwa kiasi kimoja. Mtaalamu akibadilisha rangi ya leza, huweza kujua ni sehemu gani inatumia oksijeni nyingi.

Mwaka 2003, Lihong Wang na wenzake katika chuo kikuu cha Texas A&M walionyesha picha za ubongo wa panya zilizopigwa hivyo bila kufungua fuvu. Walipogusagusa sharubu za panya, sehemu ya ubongo inayohusika ilionekana ikipokea damu zaidi. Kutoka hapo kazi ikaelekea kwa binadamu.

Titi la mama

Sehemu ya kwanza kufikiriwa ilikuwa titi, kwa kuwa ni laini na mwanga huweza kuingia. Saratani inapokua hujichimbia mishipa mipya ya damu, mishipa iliyopindapinda na isiyo na mpango, na hutumia oksijeni nyingi. Hayo ndiyo mambo ambayo mwanga na sauti vinaweza kuyafichua. Mwaka 2018 kundi la Wang, likiwa California, lilitoa habari za mashine iliyopiga picha ya titi zima kwa sekunde 15, mama akiwa amezuia pumzi mara moja tu. Titi halikubanwa kama linavyobanwa kwenye mamogramu, wala haikutumika eksirei.

Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wanawake 2,105 katika vituo 16. Walitumia chombo kilichounganisha ultrasaundi na mwanga wa leza. Sikilizeni matokeo kwa makini. Kwa kila vinundu 100 ambavyo havikuwa saratani, ultrasaundi peke yake iliweza kuvitambua 28 hivi kuwa si vya kutiliwa shaka. Mwanga ulipoongezwa, vikawa 43. Maana yake ni wanawake wachache zaidi wa kuchomwa sindano ya kutoa kinyama bila sababu. Lakini kwa kila vinundu 100 vya saratani, ultrasaundi peke yake ilivitilia shaka karibu 99, na njia mpya ikavitilia shaka 96. Yaani faida ilikuja pamoja na hasara ndogo. Mwezi wa Januari 2021 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani iliidhinisha chombo hicho kiwasaidie madaktari kupima kinundu ambacho kimekwisha kuonekana. Hakikuidhinishwa kuchukua nafasi ya mamogramu wala ya biopsi.

Watoto nao hawakusahauliwa. Huko Erlangen, Ujerumani, madaktari walitumia njia hii mwaka 2017 kupima ukali wa uvimbe wa utumbo kwa wagonjwa wa muda mrefu, wajue kama ugonjwa umetulia au umewaka. Mwaka 2019 wakaonyesha kwamba inaweza kupima misuli ya wavulana wenye ugonjwa wa Duchenne, ule unaodhoofisha misuli pole pole tangu utotoni. Mtoto hawekwi dawa ya usingizi wala hakatwi nyama. Chombo huwekwa juu ya ngozi, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani maalumu kwa sababu ya leza. Kwa njia hiyo daktari anaweza kufuatilia ugonjwa na tiba mara kwa mara bila kumtesa mtoto.

Je, ngozi nyeusi?

Sasa nakuja kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Bell aliona kwamba kitu cheusi hunywa mwanga zaidi na kulia kwa nguvu zaidi. Ngozi yetu ina rangi nyingi kuliko ya Mzungu. Rangi hiyo hunywa sehemu ya mwanga wa leza pale juu kabisa, hutoa kelele yake, na mwanga unaobaki kwenda chini hupungua. Watafiti wanalijua tatizo hili na wanalishughulikia. Lakini mashine iliyojaribiwa zaidi kwa wanawake weupe haiwezi kuchukuliwa tu kuwa itamhudumia mama wa Kisumu au Garissa sawasawa.

Tunasema hivi kwa sababu limekwisha kutokea. Kile kibanio kinachowekwa kidoleni mwa mtoto mwenye nimonia kupima oksijeni hutumia mwanga pia. Msingi wake uligunduliwa na Mjapani Takuo Aoyagi, na habari zake zikatolewa mwaka 1974. Kimeokoa watoto wengi mno. Lakini mwezi wa Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Mwezi wa Januari 2025 mamlaka ya Marekani ilipendekeza vibanio vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi zote za ngozi.

Basi mama, usikikatae kibanio. Ni msaada mkubwa. Lakini namba ikiwa nzuri na mtoto wako anapumua haraka, kifua chake kinabonyea ndani, hawezi kunyonya, au ulimi na midomo imebadilika rangi, mwambie mhudumu: mtoto huyu hayuko sawa. Jicho la mama ni kipimo pia. Na siku mashine mpya itakapoletwa kwetu, tuna haki ya kuuliza: imejaribiwa kwa watu wenye ngozi kama yangu?

Usingoje mashine

Picha ya mwanga na sauti bado si sehemu ya huduma za kawaida katika hospitali zetu. Tena mwanga wake huingia sentimita chache tu, kwa hiyo hata itakapofika haitaona kila kiungo. Isiwe sababu ya mtu kukaa nyumbani akiingoja.

Saratani ya matiti ndiyo inayopatikana zaidi kwa wanawake wa Kenya, na wengi hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea. Wengine huona haya kufunua titi. Wengine huogopa jibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo tunaongeza: wala hatibiwi. Kinundu kingi si saratani. Kwa mama anayenyonyesha huenda ni maziwa yaliyoziba. Lakini huwezi kujua kwa kukisia. Muuguzi anaweza kupapasa, ultrasaundi ipo katika hospitali nyingi za kaunti, na biopsi ndiyo inayotoa jibu la mwisho. Saratani ikipatikana mapema hutibika.

Tumetoka kwenye vidole vichafu vya mwaka 1881 tukafika kwenye leza inayosikiliza damu. Katika safari hiyo yote, waliosaidia ni wale waliouliza, na wagonjwa waliokubali kujibu. Nawe uliza. Nawe jibu unapoulizwa. Hadi wiki ijayo, mbaki salama pamoja na jamaa zenu.

Mambo ya kukumbuka

1. Ukihisi kinundu kwenye titi au kwapani, au ngozi ya titi ikawa kama ganda la chungwa, au chuchu ikaingia ndani au kutoa damu, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, hata kama huna maumivu.
2. Ukiwa na mimba, anza kliniki mapema na uulize kuhusu ultrasaundi kabla ya juma la 24.
3. Kabla ya eksirei, mwambie mhudumu kama una mimba au unadhani unayo.
4. Namba ya mashine isimzuie mama kusema anachokiona kwa mtoto wake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni mambo gani huwafanya wanawake wa mtaa wenu wachelewe kuonyesha kinundu cha titi? Tunaweza kusaidiana vipi?
2. Alice Stewart aliwauliza kina mama. Je, katika kituo chenu cha afya mnaulizwa, na mnasikilizwa?
3. Kituo cha karibu chenye ultrasaundi kiko wapi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani?